Mti umepasuka kwenye panda: ukate, upunguze, ufunge au uhamishe banda?

Usiku mmoja wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, mfuruanje, mti wetu mkubwa wa kivuli, ulioko nyuma ya jiko la mama kule Kibosho, Kilimanjaro, ulipasuka kwenye panda. Haukuanguka. Tulisikia mlio mmoja tu, kama kuni kavu inayovunjwa gotini, na asubuhi tukakuta ufa umeanzia pale shina linapogawanyika mara mbili ukashuka chini urefu wa mkono mzima. Nilichomeka panga, bapa likaingia lote. Upepo ukija, ufa unapanuka kidogo. Ukipita, unajibana tena na kutema maji machafu.

Kufika saa nne kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Jirani: "Kata wote, Mangi. Unangoja uue mtu?" Baba mdogo alitaka tuuzungushie mnyororo wa lori na kuukaza kwa nondo. Fundi wa chenso tuliyemwita kutoka barabarani aliinua macho, akapima kwa kiganja, akasema, "Hapa bosi tunakata kichwa tu. Mwakani unachipua, unakuwa mpya." Mama hakusema neno. Alikuwa anatoa sufuria jikoni, moja moja.

Nimeishi na miti mibovu miaka ya kutosha kukosea kwa karibu kila njia iliyotajwa asubuhi ile, isipokuwa ile ya sufuria. Nazipanga hapa moja mbele ya nyingine kwa ajili ya mtu ambaye mti wake umepasuka, umeinama, umeoza ndani au umevunjika tawi, na kila anayepita anampa ushauri wa bure. Kipimo changu kikubwa ni kimoja: kazi inayofuata baada ya fundi kuondoka. Ukikata mti wote, kazi imeisha siku hiyohiyo. Ukipunguza matawi, utarudi tena baada ya miaka mitatu, minne au mitano. Ukifunga kwa waya, utaukagua kila mwaka kwa maisha yote ya mti ule. Wengi tunachagua kwa bei ya siku ya kwanza, halafu waya unasahaulika.

Kabla ya kutazama juu, tazama chini

Mti mbovu uliosimama katikati ya kahawa, mahali hapiti mtu ila wakati wa kuchuma, si sawa na mti huohuo ukiwa juu ya kijia cha watoto wa shule. Simama chini yake ujiulize: ukidondoka sasa hivi utamkuta nani? Na saa moja asubuhi je? Na Jumapili watu wakitoka kanisani? Kijiwe cha bodaboda, choo, genge la mboga, zizi la ng'ombe wa ndani, nyaya za umeme, hivyo ndivyo vinavyoamua ukubwa wa hatari. Mti wenyewe ni nusu tu ya habari.

Na hapo ndipo inapoingia njia ya mama, ambayo hakuna fundi atakayekutajia kwa kuwa haina malipo: kuhamisha kilicho chini. Banda la kuku la mbao linabebwa na vijana wanne kabla ya chakula cha mchana. Benchi linasogezwa. Kijia kinazungushwa, na kwetu Uchagani ukipanda masale mawili matatu, ule mmea wetu wa mipaka, kwenye mdomo wa njia ya zamani, kila mtu anaelewa kuwa pamefungwa bila wewe kuandika kibao. Kwa mti uliozeeka na kuoza ndani lakini bado una mizinga ya nyuki, au ule uliopandwa na babu na hakuna mwenye moyo wa kuukata, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Mti unabaki, unadondosha matawi yake yanayodondoka, na hakuna anayeumia.

Ila ina mipaka yake. Nyumba ya tofali haibebeki, wala barabara ya lami. Na mti au tawi likiwa limeegemea nyaya za umeme, hapo hakuna cha kulinganisha: wewe na fundi wako mkae mbali, piga simu TANESCO, shirika la umeme.

Dalili zinazofunga mjadala

Kuna mambo matatu ambayo nikiyaona, na chini ya mti pana watu, siendelei kupima njia nyingine.

La kwanza ni mti ulioinama juzi. Usiuchanganye na ule ulioinama tangu utoto: huo kichwa chake kimejikunja kurudi juu kutafuta jua, na shina limenenepa mahali linapobeba mzigo. Ulioinama juzi umenyooka kama rula kuanzia chini hadi kileleni, ila rula yenyewe imelala. Nenda upande wa pili, ule mti unaoupa mgongo. Ukikuta udongo umeinuka kama mkate uliofura, au una nyufa, mizizi imeanza kuachia. Kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani kule mlimani, mara nyingi chanzo ni maji: mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unavuja juu kidogo ya mti, udongo unalowa wiki nzima, kisha upepo wa usiku mmoja unamaliza. Ziba mfongo, lakini mti wenyewe umeshaondoka, hata kama bado umesimama.

La pili ni uyoga mgumu unaoota kama sahani zilizopachikwa chini ya shina au juu ya mizizi. Ule si ugonjwa wenyewe, ni tunda la ukungu ambao umekuwa ukila mbao kwa ndani muda mrefu. Ukiota kwenye tawi, tawi linakatwa. Ukiota kwenye kitako cha mti mkubwa uliosimama karibu na nyumba, sina ushauri mwingine zaidi ya kuita fundi.

La tatu ni mizizi mikubwa iliyokatwa upande mmoja, karibu na shina, kwa sababu ya msingi wa ukuta au mtaro wa bomba. Hili ndilo linalowadanganya watu wa mjini, maana mti huo unaweza kubaki na majani mabichi kwa miaka. Majani yanakwambia kama mti unapata maji na chakula. Kama utastahimili upepo, hayajui. Nimeona mjakaranda ukilala juu ya ukuta ukiwa umejaa maua.

Mti wenye pango

Watu wakiona shimo kwenye shina wanakata tamaa upesi mno. Bomba la chuma ni tupu ndani na halipindiki kirahisi. Mti nao nguvu zake nyingi ziko kwenye ukuta wa nje. Swali ni unene wa ukuta uliobaki. Mjerumani Claus Mattheck, aliyechunguza kuvunjika kwa miti kama mhandisi anavyochunguza chuma, alitoa kipimo ambacho wataalamu wa miti wamekitumia na kubishania tangu miaka ya 1990: hatari inapanda ukuta mzima ukipungua chini ya takribani theluthi ya umbali kutoka katikati ya shina hadi nje. Shina lenye kipenyo cha sentimita 60 basi linahitaji ukuta mzima wa kama sentimita 9 au 10 kuzunguka pande zote. Kama pango lina mdomo mkubwa ubavuni, hesabu hiyo haikuokoi, kwa sababu bomba lililopasuliwa urefu si bomba tena.

Kupima si lazima mashine. Mimi natembea kuzunguka shina nikiligonga kwa kichwa cha nyundo ya mbao. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu na fupi. Penye uwazi panalia kama ngoma. Mdomoni mwa pango nachomeka spoki ya baiskeli hadi igome, halafu naipima kwa rula. Si sayansi ya hospitali, lakini inatosha kukwambia kama uite mtu anayejua zaidi.

Hapa niseme na wazee wangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini methali hiyo ni ya nyumba. Mti ukiuziba kwa saruji unakuwa umeuharibia. Mti unayumba, saruji haiyumbi. Zinasuguana, unyevu unakaa katikati, kuoza kunaendelea gizani usipoweza kukuona. Na siku ya kuukata, mnyororo wa chenso ukikutana na zege, fundi atakutafuta. Vilevile usitoboe tundu la kutolea maji chini ya pango. Tundu hilo linapita kwenye ule ukuta mzima ambao mti umeujenga kuzuia uozo usisogee.

Kukata wote, au kupunguza

Kukata wote kuna sifa mbili ambazo wapenda miti hatupendi kuzikiri. Ya kwanza, kunamaliza hofu. Mama mwenye wajukuu watano uani ana haki ya kulala usingizi. Ya pili ni mbao. Mringaringa uliokatwa ukiwa bado mzima unatoa mbao ya makabati na mizinga. Ukingoja hadi uoze katikati, utauza kuni. Kama mti umeanza kuharibika na hata hivyo utaukata ndani ya miaka mitano, kuuwahi ni akili.

Upande wa pili, mti mkubwa wa kivuli ukiangushwa ndani ya kihamba haulali peke yake. Unalala na migomba kumi na kahawa zilizokuwa zinazaa. Fundi mzuri anaushusha vipande vipande kwa kamba, lakini huyo anachukua siku mbili na anataka hela ya siku mbili. Kahawa iliyozoea kivuli inabaki juani ghafla. Na kwenye mteremko, mizizi iliyokuwa imeshika kingo itaoza miaka michache baadaye, wakati umeshasahau kwamba palikuwa na mti. Wengine wanapanda mwingine pembeni, wanausubiri ukue, ndipo wanakata wa zamani. Huo utaratibu ni mzuri kama mti mbovu unaweza kusubiri.

Kibali usikisahau. Kukata mti mkubwa si jambo la kimyakimya hata ukiwa kwenye shamba lako mwenyewe. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, atakuelekeza kwa afisa misitu wa halmashauri. Beba picha za ufa au za mizizi kwenye simu; zinafupisha maelezo.

Kupunguza ni kuuondolea mti uzito na tanga la upepo bila kuuondoa wenyewe. Tawi refu linalovuta upande mmoja linafupishwa hadi kwenye tawi dogo lililopo, lenye unene usiopungua theluthi ya hilo unalolikata, ili hilo dogo lichukue uongozi na kuendelea kuvuta maji. Usitoe zaidi ya robo ya majani yote kwa mara moja; mti uliojeruhiwa unayahitaji majani hayo kuliko ulivyoyahitaji ulipokuwa mzima. Ukilinganisha na kukata wote, bei ya siku ya kwanza haipishani sana, wakati mwingine kupunguza ndiko ghali kwa sababu fundi anapanda na kamba na anafikiri kila tawi. Unacholipia ni mti kubaki. Kwa miti mingi niliyoiona ikiwa imepasuka au kuvunjika tawi, hii ndiyo njia iliyofaa, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Kupunguza si kukata kichwa

Pita mitaa yoyote ya Arusha au Moshi yenye miti ya kivuli, utaiona: mashina yaliyokatwa juu kwa mstari mmoja kama nywele za mwanafunzi, kisha kila kigutu kimeota vichipukizi ishirini vinavyokwenda juu kama fimbo. Mwenye nyumba anafurahi kwa kuwa mti "umerudi". Haujarudi. Vichipukizi vile havijatokea ndani ya shina kama tawi la asili. Vimeshikilia kwenye tabaka la juu tu, na chini yake kigutu kinaoza kwa sababu kidonda ni kikubwa kuliko uwezo wa mti kukifunika. Miaka sita saba baadaye unakuwa na fimbo ishirini nzito, kila moja imebandikwa juu ya kitu kilichooza. Mti uliokuwa na udhaifu mmoja sasa una ishirini.

Nitenge jambo moja hapa, maana mgrivelia wa mpakani unaokatwa matawi kila mara kwa ajili ya kuni si kesi hiyo. Ule ulianza kukatwa ukiwa kijana, unakatwa palepale kila mara, na vichipukizi haviachwi vikawa vizito. Tatizo ni mti wa miaka arobaini ambao haujawahi kuguswa, unakatwa kichwa asubuhi moja.

Mkato wenyewe nao una mahali pake. Tazama tawi linapotoka kwenye shina: pana uvimbe, kama shingo ya sweta iliyokunjwa. Kata nje kidogo tu ya uvimbe huo, usiuguse na usiache kigutu. Kwa tawi zito mikato ni mitatu. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, usifike katikati. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi linaanguka bila kuchuna gome la shina hadi chini kama ganda la ndizi. Wa tatu unamalizia kigutu kilichobaki, pale kwenye shingo. Fundi akikwambia mikato mitatu ni kupoteza mafuta, mlipe nauli aende.

Na rangi? Nilikuwa mtu wa kupaka lami, oili chafu, hata rangi ya geti iliyobaki. Nimeacha. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone kidonda kinavyokwenda ndani, na mwaka 1977 akachapisha picha na maelezo yanayoonyesha kuwa mti hauponi kama ngozi ya mtu. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika, kisha unaota mbao mpya kwa nje. Mkato mzuri kwenye shingo unauachia mti kuta zake. Rangi haiongezi kitu, na ile nzito inafungia unyevu. Kwa mparachichi pekee ndipo nashika brashi, na sababu si uozo: gome lake likifunuliwa ghafla linaungua na jua, kwa hiyo nalipaka chokaa.

Kufunga, au kuegemeza

Kwanza kosa langu. Miaka ya nyuma nilikuwa na mgrivelia wa panda mbili pale uani. Niliuzungushia waya wa kufungia nondo, nikaukaza kwa koleo hadi ukalia, nikajisifu. Miaka minne baadaye gome lilikuwa limeumeza waya wote. Ulionekana mstari tu, kama mkanda uliozama tumboni. Mti ulivunjika palepale penye waya, si penye panda. Chakula cha mti kinapita chini ya gome. Ukilizungushia kitu kisicholegea, unaunyonga taratibu. Mnyororo wa baba mdogo ungefanya hivyohivyo, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Kufunga kunakofaa kunatoboa. Inaonekana ukatili, lakini tundu moja jembamba mti unalizungushia kuta zake. Kitanzi hauna namna ya kukishinda. Kwa ufa wa panda, bolti inapita moja kwa moja kwenye mashina yote mawili, na washa pana na nati pande zote mbili. Juu yake unawekwa waya wa chuma, kama ule wa winchi, kati ya mashina hayo, kwenye urefu wa kama theluthi mbili kutoka pandani kwenda kileleni, nao umeshikwa na bolti zenye jicho. Waya ukiwa chini sana hauna msaada, kama kumshika mlevi magotini. Na kabla ya kufunga, punguza uzito wa juu kwanza. Waya peke yake juu ya mti mzito ni kuuhamishia mzigo mwingine.

Dada yangu anayeishi Arusha ana mjakaranda uliofungwa hivyo, na umesimama vizuri. Kilichouokoa ni kwamba shemeji ni mtu wa daftari. Kila Januari anampandisha fundi kukagua nati, kutu, na kama ufa umeongezeka. Alipigilia misumari midogo miwili, mmoja kila upande wa ufa, na anapima umbali kati yake. Namba ikibadilika, anajua. Jiulize kwa uaminifu kama wewe ni shemeji au ni mimi. Kama ni mimi, usifunge. Waya uliosahaulika ni hatari kuliko ufa unaouona, maana unawapa watu wa chini moyo wa kukaa.

Kuegemeza ni kazi ya watu wa mlimani, hatuhitaji kufundishwa. Kila mgomba wenye mkungu mzito una mti wake. Kwa tawi la mparachichi lililosheheni au tawi la chini la mwembe, nguzo yenye panda inatosha: mguu wake juu ya jiwe bapa lisilozama, na kati ya nguzo na gome kipande cha tairi la pikipiki, kisha unasogeza kidogo kila msimu ili gome lisichubuke sehemu moja. Ni rahisi, unaiona kila ukipita, ikioza unaibadilisha. Inazuia tawi kushuka, lakini haizuii kuyumba. Upepo wa ubavuni unaweza kuliinua tawi na nguzo ikaanguka. Kwa hiyo nguzo ni ya tawi lililo chini, linalolemewa na uzito wake. Panda iliyopasuka mita nane juu ni ya bolti, au ya msumeno.

Mti mchanga ulioinamishwa na mvua ni habari nyingine kabisa. Ukiwa na shina la unene wa mkono, usimamishe mapema kabla mizizi haijakauka, weka vigingi viwili, ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kwa mtindo wa namba nane, ukiuachia nafasi ya kuyumba kidogo. Baada ya mwaka fungua. Mti usioyumba hauoti nguvu. Mkubwa ulioanguka nusu usijaribu kuuvuta kwa trekta; nimeona ukisimama, watu wakapiga makofi, na mvua iliyofuata ukalala upande wa pili.

Aina ya mti inabadilisha jibu

Mgrivelia una matawi mepesi kuvunjika lakini unavumilia sana kukatwa matawi, kwa hiyo kwake napunguza bila wasiwasi. Ukikatwa chini kabisa, usitegemee utachipua vizuri. Mkaratusi ni kinyume: kisiki chake kinachipua kama magugu, na kwa kuwa unadondosha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo, ukiwa karibu na nyumba mimi nakata, nalea chipukizi moja mbali zaidi kama nauhitaji. Mparachichi mbao yake ni laini na inavunjika kwa mzigo wa matunda yake yenyewe. Huo kabla ya msumeno jaribu mkono: vuna mapema upande uliolemewa. Hata ukivunjika vibaya, unaweza kukatwa hadi mita moja hivi na ukaota upya, mradi mizizi haijaoza kwa kusimama kwenye maji. Mjakaranda na mfuruanje shida yao ni panda: mashina mawili yanayokua sambamba, gome limekunjwa katikati, hakuna mbao iliyoyaunganisha. Ukiuona mfuruanje wa miaka mitatu una vichwa viwili, fupisha kimoja siku hiyohiyo kwa kisu. Huo wa mama ungemalizika kwa kisu miaka hamsini iliyopita.

Tulichofanya Kibosho

Jikoni hakukuingia mtu kwa siku tisa. Mama alipikia chini ya mwembe, akilalamikia upepo. Shina lililoegemea jiko lilishushwa lote kwa kamba, kipande kwa kipande, hadi chini ya ufa. Fundi alikuwa mwingine, kijana mwenye kofia ngumu na kamba mbili, ambaye alipanda bila chenso kwanza, akakaa pandani robo saa nzima akigonga na kuchungulia. La upande wa kahawa tuliliacha, likapunguzwa kama sehemu moja ya tano. Bolti haikuwa na kazi tena, hapakuwa na pande mbili za kuunganisha.

Kidonda kilichobaki ni kikubwa kama sinia, na sijidanganyi kwamba kitafungika. Kitaoza. Fundi alisema nimpigie simu kila Februari, kabla ya masika, aje agonge na nyundo. Makisio yake ni kwamba siku moja ukuta utakuwa mwembamba na tutaukata wote, mchana, kwa kibali, jua likiwaka. Hatua saba kutoka pale tumeotesha mringaringa. Umefika kifuani kwangu. Mama ameuzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi, na sufuria zake amezirudisha jikoni, isipokuwa ile kubwa ya mbege, ambayo anasema pale nje iko sawa.